Kilwa Kisiwani: mji wa chokaa, boriti na maji ya bamvua

Habari nyingi za Kilwa Kisiwani huanza na masultani na kuishia kwa Wareno. Si vibaya, ila msomaji akimaliza hubaki na orodha ya majina bila kujua ni kwa nini mji mkubwa kiasi kile ulisimama juu ya kisiwa kidogo kisicho na mto, wala kwa nini kuta zake zinaanguka namna hii zinavyoanguka. Maswali yote mawili yana jibu moja, nalo limo katika upepo, maji, mwamba na mikoko. Masultani watapita humu pia, lakini kwa zamu yao.

Bandari ilitangulia mji

Kisiwa kiko Mkoa wa Lindi, kama kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Ukishavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa unakwenda hadi Nangurukuru, hapo unaiacha barabara ya Lindi na kukata kushoto kuelekea Kilwa Masoko. Ukifika gatini unakiona kisiwa ng'ambo, mwendo wa kilomita 2 hivi za maji. Wageni huzichanganya Kilwa tatu. Kisiwani ndiyo ya kale. Kivinje iko bara, kaskazini ya Masoko, nayo ndiyo iliyoshika biashara ya misafara katika karne ya 19. Masoko ni makao ya wilaya ya leo, na kwa historia ya pwani ni mtoto mdogo.

Mlango wa bahari unaotenganisha kisiwa na bara ni bonde la zamani lililomezwa na bahari ilipopanda. Kwa sababu hiyo una kina cha kutosha karibu kabisa na ufuko, na mikono yake inaingia ndani bara mahali ambapo mawimbi hayafiki. Upande wa nje kuna miamba inayovunja nguvu ya bahari kuu. Nahodha aliyepata mwanya wa kuingia alikuwa na uhakika wa kulala salama, awe na chombo kidogo au kikubwa. Bandari za aina hiyo pwani yetu hazijajaa; sehemu nyingi unatia nanga mbali na kupakua kwa madau.

Halafu kuna pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kusi huanza Aprili. Jahazi lililotoka Arabuni au Gujarati kwa kaskazi lilikuwa na muda wa kuteremka hadi Kilwa, kuuza, kununua, na kugeuza tanga kusi ilipoanza. Lakini nahodha akitaka kuendelea hadi Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, kwenye dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe, kaskazi ilikuwa ikimwishia njiani. Kusini ya Rasi Delgado upepo hautegemeki, na aliyekosa msimu alikaa hadi mwaka unaofuata. Hesabu hiyo ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Wageni waliishia hapa, na vyombo vya wenyeji vikaenda Sofala na kurudi kwa wakati vinavyoujua. Kilwa ilipoishika Sofala yenyewe, dhahabu yote ya njia ile ikawa inapita mikononi mwake na kutozwa ushuru.

Watu walikuwa wamekaa kisiwani tangu karne ya 9 hivi, katika nyumba za miti na udongo. Hadithi ya kuasisiwa kwa ufalme, ile ya Ali bin al-Hasan wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, imo katika Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha historia ya mji, ambayo nakala yake ya Kiarabu ipo Uingereza na muhtasari wake kwa Kireno ulichapishwa na mwanahistoria Mreno João de Barros mwaka 1552. Naiamini kwa jambo moja: inakiri kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe, na kwamba bei ilipangwa kwa kitambaa. Mengine ni nasaba, na nasaba kila mji wa pwani unayo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni sarafu. Ni za shaba, ndogo, hazina tarehe wala picha. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mola mwenye neema, na pande hizo mbili zimepangwa zilingane vina: ukisoma moja na kugeuza unapata ubeti mfupi. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko Australia ni gumzo ambalo halijaisha.

Huyo al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa pia Abu al-Mawahib, ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipotia nanga mwaka 1331. Msafiri huyo aliusifu mji, lakini akaandika kwamba umejengwa kwa mbao. Watafiti wamehangaika sana na neno hilo, kwa sababu Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwa umesimama tayari. Kwangu halina utata mkubwa. Mawe na chokaa vilikuwa vya misikiti, watawala na matajiri. Nyumba za watu wengi zilikuwa za miti, udongo na majani, kama zilivyo nyingi kisiwani hadi leo, na mtu anayeingia mji kutoka baharini anaona kwanza zile zilizo nyingi.

Jiwe la aina mbili

Ukishika ukuta wa Kilwa umeshika bahari ya zamani. Lakini kuna mawe ya aina mbili, na asiyezitofautisha hataelewa fundi alifanya nini.

La kwanza ni jiwe la mwamba wa nchi kavu, yaani matumbawe yaliyokufa maelfu ya miaka iliyopita na kugeuka jiwe, yanayochimbwa ardhini. Ni gumu, lina matundu na ncha kali, halichongeki vizuri. Hili ndilo la kuta: mafundi walilipanga ovyo kwa umbo lakini kwa hesabu kwa uzito, wakajaza chokaa katikati, wakasawazisha uso kwa lipu. La pili ni tumbawe lililokatwa hai chini ya maji. Likiwa bichi ni laini, unalichonga kwa tezo na patasi; likikauka hewani hukaza. Hili lilitumika pale ambapo jicho litatua: mihrabu, miimo ya milango, matao, nguzo na nakshi. Ukikaribia mwimo wa mlango utaona vijitundu vidogo sana vilivyojipanga sawasawa, kila kimoja kilikuwa makao ya kiumbe mmoja. Kwenye jiwe la ukutani matundu ni makubwa na hayana mpango.

Fundi wa tumbawe bichi alifanya kazi kwa haraka. Jipande likikauka kabla ya nakshi kumalizika, ncha za patasi huanza kulimega badala ya kulikata. Ndiyo maana vipande vya nakshi ni vidogo na viungio vingi: kila kipande kilichongwa kikamalizwa, kisha kikapangwa ukutani. Leo kukata matumbawe hai hakuruhusiwi, na ni sawa. Anayekarabati hutumia mawe yaliyoanguka kutoka jengo lilelile au jiwe la nchi kavu.

Chokaa, ambayo ndiyo mji wenyewe

Mawe bila chokaa ni chungu ya mawe. Tanuri la kienyeji la kuchoma chokaa halina kuta. Magogo hupangwa chini kwa duara, vichwa vikielekea katikati, tabaka juu ya tabaka hadi usawa wa kifua, na kati panaachwa tundu la kutilia moto. Magogo makavu na mabichi huchanganywa: makavu yanawasha, mabichi yanachelewesha, moto usije ukapanda na kwisha kabla jiwe halijaiva. Juu hupangwa vipande vya matumbawe vya ukubwa wa ngumi, vinavyokaribiana ukubwa. Jiwe kubwa huiva nje likabaki bichi ndani, na dogo sana huziba njia ya hewa. Moto huwashwa upepo ukiwa mtulivu, kwa sababu upepo wa upande mmoja unachoma nusu ya tanuri na kuacha nusu.

Jiwe linahitaji joto la nyuzi 900 hivi. Likiiva hupoteza kama asilimia 44 ya uzito wake, kwa hiyo fundi hapimi kwa rangi tu: analiinua. Likiwa jepesi kuliko macho yanavyotarajia, limeiva. Likipoa hunyunyiziwa maji. Hutoa joto, hupasuka, huvimba na kuwa unga mweupe. Hapa pana hatari ya macho na mikono, nayo si ya mzaha. Chokaa mbichi inachoma ngozi yenye jasho.

Kinachofuata ndicho kinachorukwa na wenye haraka. Unga huchekechwa, hutiwa shimoni na maji, hufunikwa na kuachwa ulale. Wiki kadhaa ni kiasi cha chini. Miezi ni bora. Punje ambazo hazikulainika zitaendelea kunywa maji polepole, na kama zimeshapakwa ukutani zitavimba humohumo. Utaziona baadaye: vishimo vidogo kwenye lipu, kila kimoja na doa jeupe katikati. Ukuta wenye vishimo vya namna hiyo umepakwa chokaa isiyolala.

Mchanganyiko wa kawaida wa kujengea ni sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Lipu ya mwisho huongezewa chokaa na mchanga wake huwa laini. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hunyonya unyevu hewani usiku na kuutema mchana. Ukuta haukauki maisha yake yote. Kama hakuna mchanga wa shimo, ule wa pwani uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi au uachwe upigwe na masika nzima. Maji ya bahari hayafai hata kidogo, hata kwa kusafishia vyombo vya kazi. Udongo mwekundu uliochomwa na kusagwa, ukitiwa kidogo, husaidia chokaa kukaza hata penye unyevu.

Ukuta huloweshwa kwanza, la sivyo jiwe kavu litanyonya maji ya lipu na kuiacha unga. Tabaka lisizidi sentimita 1 au 1 na nusu. Baada ya hapo gunia lililoloweshwa lifunike ukuta kwa wiki moja. Chokaa haikauki kama tope. Hukaza kwa kuvuta hewa ukaa taratibu, na kwa hilo inahitaji unyevu kidogo. Jua likiikausha kwa siku moja inapasuka mistari mistari na ukiigonga inalia uwazi. Kuanzia Juni hadi Septemba ni wakati mzuri wa kazi kwa kuwa hakuna mvua kubwa na jua limepungua ukali, lakini kusi ina tabia ya kukausha ukuta wa upande wa bahari kabla ya saa sita. Magunia ni lazima.

Upana wa boriti

Vyumba vya kale vya Waswahili ni virefu na vyembamba. Si suala la ladha. Paa bapa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri inabeba uzito ule kwa upana wa mita 2 na nusu hadi 3 tu. Ukitaka chumba kipana zaidi lazima uweke nguzo katikati. Miti ya kufaa ni mkoko wenyewe, mkandaa na msinzi. Wauzaji waliipanga kwa unene, kuanzia fito na pau hadi boriti na nguzo, na delta ya Rufiji, iliyo kaskazini tu ya Kilwa na yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, iliuza miti hiyo hadi Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi.

Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, kisha zege la chokaa na vipande vya matumbawe, nene, ambalo hugongwa kwa vipande vya mbao siku nyingi mfululizo hadi maji yapande juu na uso ukaze. Paa lisilogongwa vya kutosha linavuja, na likivuja maji yanaishia kwenye kichwa cha boriti kilichozikwa ukutani. Hapo ndipo paa huanza kufa. Katikati ya boriti huonekana nzima, kumbe kichwa kimeoza au kimeliwa na mchwa. Fundi mwerevu aliacha nafasi ndogo ya hewa kuzunguka kichwa.

Msikiti Mkuu ni shule ya mambo haya yote. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au 12: ukumbi mdogo, paa bapa, nguzo 9. Kutoka Kilwa kibla iko kaskazini, kwa hiyo mji ulipokua msikiti haukuweza kupanuliwa mbele bila kuvunja mihrabu. Ulipanuliwa kwa nyuma, kusini. Mwanzoni mwa karne ya 14 al-Hasan bin Sulaiman aliongeza ukumbi mkubwa na kuba. Upanuzi huo ulisimama juu ya nguzo nyembamba za matumbawe, nao ukaporomoka. Waliojenga upya katika karne ya 15, enzi za Sulaiman bin Muhammad, waliachana na wembamba. Waliweka nguzo nene za pembe nane za mawe na chokaa, na juu yake safu za kuba na matao. Kuba na tao havihitaji boriti. Uzito unateremkia ukutani na kwenye nguzo, na hakuna mbao ya kuoza. Simama mpakani mwa kumbi mbili na utazame juu: upande mmoja paa limekwisha zamani, upande wa pili kuba nyingi bado zipo baada ya miaka 600 hivi. Sijui hoja iliyo wazi kuliko hiyo kuhusu nini kinadumu kwenye hewa ya chumvi.

Nje kuna kisima, birika la udhu na mawe ya mviringo ya kusugulia miguu. Wengi huvipita. Ni vizuri kusimama hapo kwanza, kwa kuwa kisiwa hakina mto na kila tone lilitoka kisimani.

Msikiti mdogo wa kuba, ulio jirani, una bakuli za kung'aa zilizopachikwa ndani ya dari. Baadhi zimebaki, nyingine ni alama ya duara tu kwenye chokaa. Husuni Kubwa, jumba la al-Hasan bin Sulaiman, iko kama kilomita moja mashariki, juu ya jabali. Ina vyumba zaidi ya 100, ua wa biashara wenye maghala, na birika la pembe nane la kuogea. Jengo halikumalizika, na lilikaliwa muda mfupi. Ni mradi wa mtu mmoja aliyekuwa na dhahabu nyingi kuliko miaka, na waliomfuata walirudi kukaa karibu na msikiti na bandari, walipokuwa watu.

Waliokuja na mizinga

Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama alitoa vitisho na kuondoka na dhahabu ya kodi. Sehemu yake ikatengenezwa chombo cha ibada cha Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho bado kipo katika makumbusho ya Lisbon. Julai 1505 Francisco d'Almeida aliuteka mji, akajenga ngome, na kufikia mwaka 1512 Wareno walikuwa wameondoka. Hawakushindwa vita. Biashara ndiyo iliyowakimbia, kwa kuwa waliishika Sofala wakidhani bandari ya kati itaendelea kujaa yenyewe. Gereza unaloliona leo kwenye ufuko ni kazi ya Waomani wa karne ya 19 juu ya masalia ya ngome ile.

Karne ya 18 Kilwa ilipata uhai tena, kwa biashara mbaya. Mwaka 1776 sultani alitiliana mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Makutani, jumba lililozungushiwa ukuta karibu na maji, lilikaliwa wakati huo. Katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho alipelekwa uhamishoni Omani, na biashara, pamoja na watumwa, ikahamia Kivinje. Kisiwani kikabaki kijiji cha wavuvi na wakulima. Kusema mji "ulitoweka" ni kuwakosea wenyeji, maana hapajawahi kukaa bila watu.

Kinachobomoa

UNESCO iliandikisha Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu ya kisiwa jirani, kama urithi wa dunia mwaka 1981, ikaviweka katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuvitoa humo mwaka 2014. Kutolewa orodhani si kupona. Maadui ni walewale: bahari, mizizi, mvua, mifugo na saruji.

Saruji kwanza, kwa sababu inaletwa na watu wema. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na unyevu wa pwani una chumvi. Chokaa inaruhusu unyevu utoke kupitia lipu, na chumvi inaachwa kwenye lipu, ambayo hubadilishwa kila baada ya miaka. Kiraka cha saruji ni kama shati la nailoni kwa mbeba mizigo: jasho halina pa kutokea. Unyevu unazunguka na kutokea kwenye jiwe lililo kando, chumvi inaganda ndani ya matundu ya tumbawe, inatanuka, na jiwe linakuwa unga. Baada ya miaka kiraka chenyewe kinabaki kizima, kimezungukwa na shimo. Kikianguka kinaondoka na uso wa jiwe. Ukiona kwenye gofu kipande cha kijivu kigumu chenye mtaro wa vumbi pembeni, ndicho hicho.

Mizizi inahitaji subira. Mtini huota kutokana na mbegu iliyoangushwa na ndege juu ya ukuta, kisha mizizi hushuka ndani ya viungio ikifuata unyevu wa chokaa. Kosa la kawaida ni kuung'oa. Mzizi ulioshika mawe 20 ukiuvuta unakuja nayo. Hukatwa juu, kisiki kinauliwa polepole, mzizi ukishakauka huondolewa vipande vipande, na tundu lililobaki hujazwa uji wa chokaa siku hiyohiyo. Mzizi uliooza na kuachwa ni bomba la kupitishia maji ya mvua hadi moyo wa ukuta.

Mvua hupiga zaidi juu ya ukuta uliopoteza paa. Dawa yake ni kofia ya chokaa na kokoto juu ya ukuta wote, yenye mteremko, isiyoacha kidimbwi. Ni kazi rahisi na ya bei ndogo kuliko zote, na ikikaguliwa kila baada ya masika inaokoa mengi. Mbuzi nao hupenda kupanda juu ya kofia hizo.

Bahari ndiyo isiyo na mkato. Upande wa Gereza na Makutani maji yamekula ufuko hadi kwenye misingi. Vimejengwa vizuizi vya mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya, na mikoko ikapandwa. Waya kwenye maji ya chumvi huliwa na kutu, na ukikatika mawe yanatawanyika, hivyo ukaguzi wa waya ni kazi ya kudumu. Pia kizuizi kinachozuia wimbi hapa hulisukumia pale kinapoishia. Angalia mwisho wa kila kizuizi utaona bahari imechimba.

Upandaji wa mikoko hushindwa mara nyingi kwa sababu ya kupanda mti usiofaa mahali hapo. Mbegu ya mkoko ni rahisi kuokota na kupanda: mkuki mrefu wa kijani unaochomekwa theluthi moja kwenye tope, umbali wa mita 1 au 2. Urahisi huo ndio unaoponza. Mkoko unataka tope tulivu linalofunikwa na maji kila siku. Mbele kabisa, kwenye bahari wazi, ni mahali pa mlilana. Juu, penye mchanga unaofikiwa na maji ya bamvua tu, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni pa mchu. Ukipanda mkoko kwenye mchanga wa mbele, mawimbi yanautikisa kila siku hadi mizizi ishindwe kushika, na chaza wadogo hulemea kishina. Na pale ambapo mikoko haijawahi kuota, mara nyingi kuna sababu. Hesabu ya miche iliyopandwa haibadilishi mkondo wa maji.

Kwenda

Kibali cha kuingia magofuni hukatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na unaongozana na mwongozaji. Tembea na kanga au nguo ya kusitiri, kwa kuwa magofu yamo ndani ya kijiji na kuna makaburi yanayozuriwa bado. Ukipita uani kwa watu, piga hodi. Usiokote kigae. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na vipande vya vyungu unavyovikanyaga ndivyo vinavyowaambia wachimbaji umri wa kila tabaka. Neville Chittick, aliyechimba hapa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, alipanga nyakati za mji kwa kiasi kikubwa kwa vigae hivyo.

Kuvuka kutoka Masoko hakusumbui wakati wowote. Songo Mnara, kusini zaidi, ndiyo inayotaka hesabu ya mwezi. Mji wake ni wa karne ya 14 hadi 16, una misikiti 5 na nyumba nyingi zenye mpango unaosomeka chumba kwa chumba, na kwa anayetaka kuona Waswahili walivyoishi ndani ya nyumba, naona unazidi Kisiwani. Lakini njia ya kuufikia inapita kwenye mikoko na ufuko wake ni wa maji mafupi.

Pwani hii, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa huwa karibu saa 4. Tofauti ya kujaa na kupwa kwenye bamvua hukaribia mita 4. Kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo kufikia siku ya 7 au 8 ya mwezi mwandamo, maji yakiwa mafu, kujaa huangukia karibu saa 4 asubuhi. Siku za bamvua ukiondoka asubuhi utakuta kina mama wametawanyika mwambani wakitafuta pweza, na chombo chako kimekaa juu ya tope. Kwa safari ya asubuhi chagua siku ya 6 hadi 9 ya mwezi mwandamo, au ya 21 hadi 24. Maji hayajai sana, ila yanakuwepo wakati unaoyahitaji na hayakimbii. Vaa viatu vya mpira vinavyofunga, maana utashuka majini na mizizi ya mikoko imejaa chaza wanaokata kama wembe. Chukua maji ya kunywa ya kutwa nzima. Na nahodha akisema tuondoke, ondoka hata kama umebakiza msikiti mmoja: mkondo ukishakauka, mtakaa hapo saa kadhaa mkisubiri yapande tena.